Losheni ya jua kwa mtoto mchanga: Ni salama? Na ni nani anayeihitaji kweli?

Mzazi wa Kibiti hahitaji kuambiwa kwamba jua la huku ni kali. Analijua anaposubiri boti Nyamisati, analijua shambani msimu wa kuamia ndege wa mpunga, na analijua anapokaa dagoni na wavuvi wa kamba katika visiwa vya delta ya Rufiji. Asichokuwa na uhakika nacho ni namna ya kumkinga mtoto mchanga aliye mgongoni.

Siku hizi simu nayo imeongeza maswali. Huyu anasema mpake mtoto losheni ya jua kila siku. Yule anasema usithubutu, ni kemikali tupu. Wa tatu anasema nunua ile ya madini tu, hiyo haina neno. Bibi naye yuko pembeni: "Mwanangu, sisi tuliwalea bila hayo. Mfunike kanga, yatosha."

Jibu fupi ni hili. Madini mawili yanayotumika kwenye losheni hizo, zinki oksidi na titani dioksidi, ni salama kwa mtoto yakipakwa juu ya ngozi isiyo na jeraha. Yakivutwa kwa pumzi, usalama huo haupo tena. Kwa watoto wengi wa huku, kivuli na nguo nyepesi hufanya kazi kubwa kuliko losheni yoyote, kwa hiyo bibi hajakosea sana. Ila yupo mtoto mmoja ambaye kanga peke yake haimtoshi, na kwake losheni si urembo: ni mtoto mwenye ualbino.

Jibu refu linahitaji maelezo kidogo.

JUA LA DELTA LINA NINI?

Delta ya Rufiji iko karibu na nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, na miezi mingine halisogei mbali sana. Hatuna majira ambayo jua hupumzika kama kule Ulaya.

Jambo la kukumbuka ni kwamba miale inayounguza ngozi, ile inayoitwa miale ya UV, siyo ile inayoleta joto. Haionekani wala haisikiki mwilini. Ndiyo maana upepo wa baharini humdanganya mama: ndani ya boti mtoto anahisi baridi, kumbe ngozi inapigwa vilevile. Wingu jepesi nalo huruhusu sehemu kubwa ya miale hiyo kupita.

Isitoshe, miale huja hata kutoka chini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha juu asilimia 15 hivi ya miale ya UV, na povu la bahari asilimia 25 hivi. Hata nusu mita chini ya maji, asilimia 40 ya miale bado ipo. Mtoto anayeogelea pembeni ya mtumbwi hajajificha jua.

Kuna kipimo kisichohitaji simu wala saa. Simama uangalie kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua bado ni pole. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mtoto aingie kivulini. Kwa kawaida ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

NGOZI NYEUSI INA KINGA, LAKINI INA MPAKA

Rangi ya ngozi yetu hutokana na melanini, na kazi mojawapo ya melanini ni kuzuia miale ya UV. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1979 ulikadiria kwamba ngozi nyeusi ya mtu mzima ina kinga inayofanana na losheni yenye SPF 13 hivi, wakati ngozi ya mzungu ni 3 hivi. SPF ni ile namba iliyoandikwa kwenye chupa za losheni kuonyesha nguvu ya kuzuia kuungua.

Kwa hiyo ni kweli kwamba mtoto mweusi haungui upesi kama mtoto wa kizungu. Lakini mtoto mchanga si mtu mzima mdogo. Ngozi yake ni nyembamba, melanini yake haijakomaa, na ukilinganisha na uzito wake ana eneo kubwa la ngozi. Chochote unachompaka, kiwe mafuta, dawa au losheni, humfikia zaidi kuliko kinavyokufikia wewe.

Tena kwa mtoto wa miezi ya mwanzo, joto huweza kumdhuru kabla hata ya miale. Mwili wake haujajifunza vizuri kujipoza kwa jasho. Mtoto aliyefungwa blanketi zito juani, akabanwa mgongoni na kufunikwa uso, anaweza kuzidiwa na joto huku mama akidhani amemkinga.

MADINI YENYEWE NI YAPI?

Losheni za jua ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hutumia kemikali zinazoyeyuka ndani ya krimu na kuingia kwenye tabaka la juu la ngozi. Aina ya pili hutumia unga laini wa madini ambao hauyeyuki bali hubaki juu. Madini hayo ni hayo mawili tuliyoyataja. Kwenye lebo utaona yameandikwa "zinc oxide" au "titanium dioxide".

Zinki oksidi si mgeni nyumbani kwako. Krimu nyingi nyeupe na nzito za vipele vya nepi zina madini hayo. Ile dawa ya rangi ya waridi ambayo watoto hupakwa wakipata tetekuwanga, kalamaini, nayo ina zinki oksidi. Kwa miaka mingi watoto wamepakwa zinki sehemu laini kabisa za mwili bila shida. (Lakini usipake krimu ya nepi ukidhani ni losheni ya jua. Haikutengenezwa wala kupimwa kwa kazi hiyo.)

Ikiwa juu ya ngozi, chembechembe za madini hunyonya sehemu kubwa ya miale ya UV na kuitawanya kiasi kabla haijafika ndani. Kasoro yake ni weupe. Kwenye ngozi nyeusi losheni ya madini huacha rangi kama ya majivu, na wazazi wengi huifikicha mpaka ipotee au hupaka kidogo sana. Ukipaka kidogo sana, kinga nayo hupungua.

KWA NINI WATAALAMU HUYAPENDELEA KWA WATOTO?

Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipitia upya viambato vya losheni za jua vinavyouzwa nchini humo. Katika vyote, ni viwili tu ilivyosema vina ushahidi wa kutosha kutambuliwa kuwa salama na vyenye kufanya kazi: zinki oksidi na titani dioksidi, kwa kiwango kisichozidi asilimia 25 ya losheni. Kwa viambato 12 vya kemikali ilitaka utafiti zaidi.

Mwaka huohuo watafiti wa mamlaka hiyo waliwapaka watu wazima 24 losheni za kemikali kwa siku nne, wakawapima damu. Viambato vinne walivyovifuatilia vilionekana kwenye damu kwa kiwango kinachozidi kile ambacho FDA hukiruhusu bila kudai vipimo zaidi. Wenyewe walisisitiza kwamba kuonekana kwenye damu si sawa na kudhuru, na kwamba watu wasiache kujikinga. Lakini kwa mtoto mwenye ngozi nyembamba, ni jambo la busara kuchagua kile kinachobaki juu.

Je, madini hayaingii kabisa? Swali hili huulizwa hasa kwa sababu siku hizi unga wake husagwa mpaka chembe ziwe ndogo kuliko nanomita 100, ili weupe upungue. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo ni chembe ndogo mno. Mamlaka ya dawa ya Australia na kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya zilipitia tafiti zilizopo, na zote ziliona kwamba kwenye ngozi nzima chembe hizo huishia kwenye tabaka la juu lililokufa, lile linalobanduka lenyewe kila siku. Kiasi cha zinki kinachoweza kuingia mwilini ni kidogo sana, na zinki yenyewe ni kirutubisho ambacho mtoto hukipata hata kwenye maziwa ya mama.

Angalia neno "ngozi nzima". Usipake losheni yoyote ya jua juu ya kidonda, sehemu iliyoungua, au vipele vinavyotoa maji.

HATARI IKO KWENYE PUMZI

Mwaka 2006 taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani iliiweka titani dioksidi kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Habari hiyo husambazwa mitandaoni bila maelezo na kuwatisha wazazi. Msingi wake ulikuwa wanyama waliovuta vumbi lake kwa wingi hadi mapafuni. Haikuwa losheni iliyopakwa kwenye ngozi.

Ndiyo maana kamati ile ya Ulaya ilikubali chembe hizi ndogo kwenye krimu, ikazikataa kwenye bidhaa za kupuliza zinazoweza kufika mapafuni. Kwa mzazi, maana yake ni hii: usitumie losheni ya jua ya kupuliza wala ya unga kwa mtoto. Tumia ya kupaka kwa mkono.

Somo hilo linahusu pia poda, ambayo watoto wetu hupakwa shingoni na kifuani wakipata harara. Miaka ya 1920 madaktari wa Marekani waliandika habari za watoto wachanga waliovuta poda yenye zinki stearati, wakaugua mapafu, na wengine wakafa. Kitu kisichomdhuru mtoto kikiwa juu ya ngozi kinaweza kumdhuru kikiingia kwenye pumzi. Harara hutibiwa kwa kumpoza mtoto: maji, nguo nyepesi, hewa. Ukilazimika kutumia poda, iweke kwanza kiganjani mwako mbali na uso wake. Usiinyunyize juu ya mtoto.

CHINI YA MIEZI SITA, KIVULI KWANZA

FDA na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani wanashauri mtoto wa chini ya miezi sita akingwe kwa kivuli na nguo. Losheni si kinga yake ya kwanza. Kama kivuli hakipatikani kabisa, chama hicho kinaruhusu kupaka kidogo sehemu zilizobaki wazi, kama uso na mgongo wa mikono, na hapo ndipo ya madini huchaguliwa. Kumbuka mtoto hunyonya vidole. Mfute mikono mkifika.

Kwa maisha ya huku, ushauri huo tayari tuna vifaa vyake:

Kwenye boti: kaa upande wenye turubai. Beba mwavuli. Tandaza kanga juu yenu kama paa, ipitishe hewa, usiibane usoni mwa mtoto. Mvalishe kofia yenye ukingo mpana inayofunika masikio na shingo.

Shambani: dungu si la kulindia mpunga tu. Ni kivuli kizuri, kiko juu, na upepo unapita. Mtoto akae humo na dada yake saa za jua kali, mama aje kunyonyesha. Kama dungu liko mbali, kibanda cha makuti cha dakika chache kinatosha.

Kwenye bodaboda: ondoka mapema asubuhi au subiri jioni. Blanketi zito mchana si kinga ya jua.

Kliniki: siku ya kupima uzito foleni huwa ndefu. Usione haya kuomba kina mama wenye wachanga wakae kivulini.

Na joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata siku ya joto. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha.

Mafuta ya nazi je? Yanalainisha ngozi, lakini hayakingi jua kiasi cha kuyategemea. Liwa nayo hupoza na kunukia, ila hakuna aliyeiandikia SPF. Usizifanye kinga ya jua.

MTOTO AMBAYE KWAKE LOSHENI NI LAZIMA

Inakadiriwa kuwa hapa Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Ulaya na Amerika Kaskazini ni mtu 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Mtoto huyu amezaliwa na melanini kidogo sana au bila melanini kabisa. Ile kinga ambayo wenzake wamezaliwa nayo, yeye hana.

Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 350 wenye ualbino. Waliona kwamba madhara ya jua kwenye ngozi huanza kuonekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Saratani ya ngozi inayowaua watu wazima wenye ualbino huanza safari yake mtoto akiwa bado mgongoni.

Kwa hiyo mtoto huyu kivuli na nguo za mikono mirefu ni kila siku tangu kuzaliwa, na mapema kabisa aonwe na daktari wa ngozi na wa macho. Kabla ya miezi sita, daktari ataelekeza wapi na lini apakwe losheni. Baada ya hapo losheni ya SPF 30 au zaidi, inayozuia UVA na UVB, iwe sehemu ya kumvalisha kila asubuhi: usoni, masikioni, shingoni, mikononi, juu ya miguu. Irudiwe kila baada ya saa mbili akiwa nje, na baada ya kuoga.

Kwa mtoto huyu, usiikatae losheni uliyopewa hospitali kwa sababu tu si ya madini. Losheni iliyopimwa, iliyopo mkononi na inayopakwa kila siku ni bora kuliko ile ya madini isiyopatikana. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichopo Hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Uliza kituo chako cha afya au Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania (TAS) namna ya kuingizwa kwenye orodha ya wanaogawiwa losheni na kofia.

Na baba asome hapa. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama ngozi zenu ni nyeusi ti. Kila ujauzito wa wazazi wa aina hiyo una nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Si laana, wala si kosa la mama. Kumficha ndani hakumkingi. Kumvalisha, kumpaka na kumpenda hadharani ndiko kunakomkinga.

UKIENDA DUKANI

Neno "losheni" kwenye maduka yetu limebeba mambo mengi, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko madini yote tuliyoyajadili. Baadhi ya krimu zenye picha ya jua ni za kujichubua. Mikorogo huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki hudhuru figo na ubongo. Steroidi huifanya ngozi ya mtoto iwe nyembamba zaidi. Haidrokwinoni huondoa ile melanini inayomkinga na jua. Neno lolote linaloahidi weupe au kung'arisha likionekana kwenye chupa, irudishe.

Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Nunua kwenye duka la dawa linalotambulika, si kwenye meza ya gulioni iliyo juani. Tazama haya: orodha ya viambato inayosomeka, SPF 30 au zaidi, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Kwa mtoto chagua isiyo na manukato.

Ukifika nyumbani, paka tone dogo ndani ya mkono wake, subiri hadi kesho. Ukiona wekundu, uvimbe au vipele, usiendelee. Chupa iwekwe penye baridi; losheni iliyochemka juani siku nzima kwenye boti haiaminiki tena.

AKIUNGUA

Kwenye ngozi nyeusi wekundu ni mgumu kuonekana. Gusa: sehemu iliyoungua ni ya moto, imevimba kidogo, na mtoto analia ukiigusa. Mtoe juani, mpoze kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi ya baridi ya kawaida, mnyonyeshe. Usipake dawa ya meno, mafuta ya taa wala asali. Akiwa chini ya mwaka mmoja, au akiwa na malengelenge, homa, kutapika, kulegea, au hajakojoa kwa saa nyingi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kama mwanao ana ngozi nyeusi na hana tatizo la ngozi, pesa ya losheni nunulia kofia pana na mwavuli mzuri, vitamfaa zaidi. Na kama jirani yako ana mtoto mwenye ualbino, mtumie ukurasa huu. Yeye ndiye hasa anayeuhitaji.